Kagua Kuanzia Nyuma: Niliyojifunza Nilipotafuta Noah Iliyotumika

Mara ya kwanza nilipokwenda kununua gari la familia nilifanya kama wanavyofanya wanunuzi wengi wa Dar es Salaam. Nilimchukua fundi ninayemwamini, tukaenda kwenye yadi moja, akafungua boneti, akaomba injini iwashwe, akainama kusikiliza kwa muda mrefu, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakitazama tena, kisha akaniambia, "Kaka, injini iko vizuri, chukua." Alisema kweli. Injini ya Toyota Noah ile haikunisumbua hata mara moja kwa muda wote niliokuwa nayo. Kilichonisumbua ni karibu kila kitu kilichokuwa nyuma ya kiti cha dereva, na huko nyuma ndiko kulikonifanya nitafute gari la namna ile badala ya gari dogo la watu watano.

Nyumbani kwetu Kinyerezi tuko watu saba, na mmoja wao ni mama yangu mzazi, ambaye magoti yamemchosha na ambaye kila mwezi hupelekwa kliniki Muhimbili. Nilitaka gari ambalo angeingia bila kuinama sana na bila kupandia juu. Wiki ya tatu baada ya kununua, tukiwa tumesimama kando ya barabara ili ateremke, mlango wa pembeni wa kushoto ulifunguka kiasi cha shubiri moja, ukatoa sauti ya kitu kinachokwaruza ndani ya bodi, ukakwama hapohapo. Ilinibidi kumteremsha Mama kwa mlango wa kulia, yaani upande wa barabarani, huku bodaboda zikipita karibu kiasi cha kupeperusha kanga yake. Siku ile niliamua kwamba nikinunua tena nitaanza ukaguzi kutoka nyuma kwenda mbele, na injini nitaiweka mwisho. Mwaka jana nilinunua tena, na haya ndiyo niliyoyakagua, kwa mpangilio huohuo.

Nianze na mlango, kwa sababu ndio ulionifundisha. Magari haya yametengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako kama kwetu magari hupita upande wa kushoto, kwa hiyo yale yenye mlango mmoja tu wa umeme huwa nao kushoto, upande wa ukingo wa barabara. Huo ndio mlango uliofunguliwa mara nyingi kuliko mingine tangu gari litoke kiwandani, na ndio uliochakaa zaidi. Ndani ya bodi kuna mota ndogo inayovuta waya wa chuma uliopitishwa kwenye mrija wa plastiki, na mlango wenyewe hubebwa na magurudumu madogo yanayotembea kwenye reli tatu: moja juu, moja chini, na moja katikati ya ubavu wa gari. Mchanga wa barabara zetu za mitaani hujikusanya kwenye reli ya chini, magurudumu yanalika, mlango unashuka milimita chache, mota inalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, na waya unaanza kuchanika uzi mmoja baada ya mwingine hadi siku unapokatika. Mnunuzi anayefungua mlango mara moja tu pale yadi hawezi kuyaona haya.

Kwa hiyo ufungue na kuufunga mara kumi, kwa kitasa cha nje, kwa kitasa cha ndani, kwa swichi ya dereva na kwa rimoti, ukisikiliza kama sauti ya mota ni ileile kila mara. Kisha zima swichi kuu ya mlango iliyo kwenye dashibodi na uusukume kwa mkono. Mlango mzima hutembea kwa wepesi ambao hata mtoto wa darasa la nne anaumudu. Omba gari liegeshwe mahali penye mteremko, pua ikiangalia chini, kisha ufungue mlango hadi mwisho na uone kama unabaki pale ulipo, maana kishikio cha nyuma kikichoka mlango hurudi wenyewe na unaweza kumbana mtu mguu. Mwishoni weka nguo iliyoviringishwa kwenye njia ya mlango wakati unajifunga kwa umeme: unapaswa kuigusa, kusita, na kurudi nyuma. Muuzaji akikuambia kwamba mlango huo ni wa mkono tu, tazama kama kuna swichi yake karibu na usukani. Swichi ikiwapo na mlango hauitikii, basi mlango ni wa umeme na umeharibika, na bei ishuke.

Baada ya mlango nilikwenda kukaa kiti cha mwisho kabisa. Ninamaanisha kukaa, magoti yakiwa yamekunjwa, milango ikiwa imefungwa, saa saba mchana, jua likiwa kichwani, injini ikiwa inaunguruma na kiyoyozi kikiwa kimewashwa mbele na nyuma kwa dakika ishirini. Magari mengi ya aina hii, Noah, Voxy na Alphard za Toyota na Serena ya Nissan, yana kiyoyozi cha pili kwa ajili ya abiria wa nyuma, chenye feni yake na kifaa chake cha kupoza hewa ambacho mafundi hukiita evaporeta. Gesi hufika huko kwa mabomba marefu ya aluminiamu yanayopita chini ya sakafu, mahali panapopigwa na kokoto na maji ya madimbwi, na kwa gari lililokaa Msasani, Mbezi Beach au Kigamboni karibu na bahari, mahali penye chumvi pia. Bomba likitoboka, wengine hulikata na kuziba njia ya nyuma ili gesi ibaki mbele. Dereva anapata ubaridi mzuri, mnunuzi aliyekaa kiti cha mbele anaridhika, na bibi na wajukuu huko nyuma wanapulizwa hewa ya moto. Feni ya nyuma kupuliza si ushahidi kwamba inapoza, kwa hiyo weka mkono kwenye matundu ya darini na usubiri. Lala chini pia, au umwombe fundi alale, muyafuate mabomba hayo kwa macho kutoka mbele hadi nyuma.

Dakika zile ishirini zina faida nyingine. Kiyoyozi cha sehemu mbili ni mzigo mkubwa kwa injini iliyosimama, na hapo ndipo utakapoona kama mshale wa joto unapanda, au kwa magari yasiyo na mshale, kama taa nyekundu ya joto inawaka. Mjini kwetu ipo tabia mbaya ya kuondoa thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la injini, kila gari linapochemsha na kujaza maji ya bomba kwenye rejeta badala ya kulenti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Maji ya kawaida huleta kutu ndani ya injini, na gari lisilo na thamostati linaweza kukudanganya kwa kubaki baridi wakati wa majaribio mafupi, halafu likachemka siku utakapokuwa kwenye foleni na abiria saba. Kabla injini haijawashwa, ikiwa bado ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta: ukikuta maji yenye rangi ya kutu ya bati, ondoka.

Viti na mikanda huonekana kama mambo madogo, lakini ni mashahidi wasiojua kusema uongo. Vuta kila mkanda hadi mwisho wake kabisa, hasa ile ya safu ya tatu ambayo haitumiki mara kwa mara. Gari lililozama kwenye maji husafishwa mazulia, hupuliziwa manukato na hung'arishwa dashibodi, lakini ni nadra mtu kukumbuka kuosha sehemu ya mkanda iliyojikunja ndani ya ubavu. Ukikuta mstari wa matope mahali pamoja kwenye mikanda yote, umefahamu maji yalifika kimo gani. Sogeza viti mbele na nyuma utazame reli zake na boliti zinazozishika kwenye sakafu, kisha inua zulia pale pembezoni na unuse. Anayeishi Dar es Salaam hahitaji kuambiwa kwa nini nasisitiza jambo hili: masika ya Machi hadi Mei hujaza bonde la Msimbazi na kuifunga barabara pale Jangwani karibu kila mwaka, na mafuriko ya Desemba 2011 yanakumbukwa kwa maisha ya watu waliopotea na familia zilizohamishiwa Mabwepande. Magari yanayokumbwa na maji hukaushwa, hupumzishwa miezi michache, kisha huuzwa. Nyaya na soketi za umeme huanza kuota kutu ya kijani polepole, na hitilafu hujitokeza baada ya mwaka mzima, moja leo, nyingine wiki ijayo, bila fundi yeyote kupata chanzo.

Mikanda ina jambo la pili. Nyingi zina kitambulisho kidogo kilichoshonewa chini, chenye mwaka wa kutengenezwa, na vioo vya madirisha navyo vina alama ya kiwanda kwenye kona. Vyote vikikubaliana na mwaka wa gari, vizuri. Kioo kimoja kikiwa cha kiwanda tofauti, au mkanda mmoja ukiwa wa mwaka tofauti, uliza upande huo ulipatwa na nini. Wakati huohuo zungusha ufunguo hadi taa zote za dashibodi ziwake kabla ya kuwasha injini, uhakikishe kwamba taa ya mifuko ya hewa na taa ya injini zinawaka kwanza na kuzimika baadaye. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka bila kuzimika, kwa maana huenda kuna mtu ameificha makusudi.

Sasa uzito. Jaribio la barabarani la gari la familia lifanywe na familia, au angalau na watu wa kutosha kujaza viti. Mara ya pili nilikwenda na wadogo zangu wawili, mke wangu, fundi na majirani wawili waliokubali kunisaidia Jumamosi yao, na muuzaji alishangaa kidogo lakini hakukataa. Gari likiwa tupu, shokapu zilizokufa na springi zilizochoka haziwezi kujulikana. Likiwa na watu saba, mkia unashuka, matairi ya nyuma yanagusa kingo za bodi kwenye tuta, na chini panagonga. Kwa sababu hiyo wengi huweka spesa, yaani vipande vya kuongezea kimo, juu ya springi ili kuinua gari. Sipingi kuinua gari kwa kiasi katika mji wenye matuta kama huu, lakini chunguza kazi hiyo ilivyofanywa, kwa kuwa gari likiinuliwa kupita kiasi ekseli za mbele hufanya kazi kwa pembe isiyo yake, raba zake huchanika, grisi humwagika, na utaanza kusikia mlio wa tak-tak kila unapokata kona.

Tazama pia matairi. Pembeni kuna tarakimu nne ndani ya duara la mviringo: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri kabisa na bado likawa limekauka kwa uzee, na gari linalobeba watoto kwenda shuleni si mahali pa kujaribu tairi la miaka kumi.

Tulipanda kutoka Ubungo kuelekea Kimara, kwa kuwa mwinuko ule ni mrefu na una foleni, na foleni ya kupanda ndiyo inayoifichua giaboksi. Noah na Voxy za kuanzia 2007 zisizo za haibridi, pamoja na Serena za toleo la C25, hutumia giaboksi ya CVT, isiyo na gia za kawaida bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Ikiwa nzima hutasikia kitu chochote. Ikiwa imechoka, gari hutetemeka kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, au injini hupandisha sauti bila gari kuongeza mwendo, au hutoa mlio mwembamba unaokua kadiri unavyokwenda. Usiridhike na dakika tano. Endesha angalau nusu saa hadi mafuta yake yapate moto, kisha urudi nyuma kwenye mwinuko. Muulize muuzaji ni mafuta gani yaliyowekwa mara ya mwisho. Toyota hutaka CVT Fluid TC au FE kutegemea gari, Nissan hutaka NS-2 au NS-3, na mafuta ya giaboksi ya kawaida yakiingizwa humo mkanda huteleza na kula puli. Jibu la "fundi ndiye anayejua" halitoshi, na mimi binafsi niliiacha Voxy moja nzuri sana kwa sababu ya jibu hilo peke yake.

Kuhusu injini nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hapo kila mtu ana fundi wake. Noah za 2001 hadi 2007, zinazoanza na AZR60 au AZR65 kwenye namba ya chesisi, zina injini ya 1AZ-FSE ambayo mitaani huitwa D4. Hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo mkubwa, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta, masizi hujaa, na gari hutetemeka likiwa limesimama. Pampu yake ya mgandamizo nayo haipendi petroli chafu. Zile za ZRR70 zilizofuata zina injini ya 3ZR isiyo na tabia hiyo, na kama mfuko unaruhusu ningeshauri kuanzia hapo. Alphard ya lita 2.4 hutumia 2AZ-FE, ambayo baadhi yake hula oili kwa sababu matundu madogo ya pistoni huziba. Liache gari liungurume dakika kumi, kisha mtu akanyage mafuta ghafla huku wewe umesimama nyuma ukitazama kama moshi wa bluu unatoka. Alphard ya zamani ya lita 3.0, yenye 1MZ-FE, hutumia mkanda wa taimingi na si mnyororo, na mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Usipopata ushahidi wa kubadilishwa, hesabu gharama hiyo kuwa ni yako. Chungulia pia bomba la moshi. Watu wengi wameuza masega, kifaa cha kusafisha moshi, kwa ajili ya madini yaliyomo, wakachomelea bomba tupu mahali pake, na gari la namna hiyo hunguruma, hunuka, na taa ya injini huwaka.

Kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi sizipi uzito mkubwa. Hurudishwa nyuma kwa urahisi. Gari lililokuja kutoka Japani lina cheti cha kusafirishia nje ambacho huonyesha kilomita, na kama lilinunuliwa mnadani lilikuwa na karatasi ya mnada yenye alama ya ubora, kama 3.5 au 4, na herufi R au RA kwa gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Aliyeagiza mwenyewe kwa kawaida bado anazo nakala hizo, hata kwenye simu yake. Nilizoziomba nilipewa ndani ya saa moja, na kulinganisha kilomita zake na za dashibodi kulinitosha. Hapa niongeze jambo linaloniudhi katika soko letu: gari hupandishwa bei kwa sababu ni "namba E" na lingine hushushwa kwa sababu ni "namba C". Herufi hiyo inakuambia gari lilisajiliwa lini nchini, haikuambii lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2008 lililoingia hivi karibuni lina umri uleule wa gari la mwaka 2008 lililoingia zamani, tofauti ikiwa ni nani alilichosha.

Zimebaki karatasi, na kwa karatasi nilikuwa mkali kuliko kwa chuma. Omba kadi halisi ya usajili kutoka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, si nakala, kwa sababu kadi za magari huwekwa rehani kwa wakopeshaji wadogo, na mwenye gari hubaki na fotokopi anayoitembeza kwa wanunuzi. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kadi na iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu, ukipitisha kidole juu yake kuhisi kama pamekwaruzwa au kuchomelewa. Jina lililo kwenye kadi liwe la mtu aliyesimama mbele yako mwenye kitambulisho chake. Kama si yeye, mtafuteni mwenyewe kwanza. Madeni ya faini za barabarani hutazamwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, ya maegesho kwenye mfumo wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na stika ya bima huhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Nilipoiingiza namba ya gari nililolipenda nilikuta faini kadhaa za shilingi 30,000 kila moja, muuzaji akazilipa mbele yangu kabla hatujaenda kwa wakili.

Mkataba wa mauziano tuliandika kwa wakili, tukasaini wote na mashahidi wetu, fedha zikapita benki. Nilimwomba wakili aongeze kifungu kimoja ambacho hakikuwamo kwenye fomu yake: tarehe na saa kamili ya kukabidhiana gari, pamoja na funguo zote mbili. Faini ya kamera ya mwendo huandikwa kwa namba ya gari, na hadi uhamisho wa umiliki ukamilike TRA, anayetambulika ni mmiliki wa zamani. Wakili aliandika saa nane na dakika ishirini mchana. Muuzaji alitazama saa yake, akakubali, akaweka sahihi pembeni ya mstari huo.